Nywele Mpya na Kiti Kitupu

Juzi, nikiwa foleni kwenye duka la dawa hapa Garissa, mwanamume aliyetoka Nairobi kupandikizwa nywele aliinua kofia kidogo. Juu ya paji la uso palijaa vipele vyekundu.

"Nitajuaje kama zimeshika?" akanong'ona.

"Usiziguse, wala usiinamishe kichwa," muuza dawa akamwambia. "Kwa sasa, uwe unaswali ukiwa umekaa kitini."

"Wallahi, dada, watu wataniuliza naumwa nini."

"Si uwaambie?"

Akatazama mlangoni, kisha akaivuta kofia hadi kwenye nyusi.

Ijumaa nilimwona msikitini. Kiti kilikuwa kando yake, kitupu. Alisujudu hadi chini kama sisi, akainuka akipapasa paji la uso, macho yamemtoka.

Daktari alimpandia nywele. Ujasiri wa kukaa kitini angempandia nani?