Pazia la Mama Fumua

Jina la Mama Fumua alipewa na wanafunzi, na alilistahili. Mshono ukipinda hata kidogo, mwalimu mwenzangu huyu wa sayansikimu hakufoka, alikurudishia nguo na kusema, "Fumua." Ukikosea tena, ulifumua tena. Wapo waliomaliza muhula na sketi isiyo na kiuno.

Alipoanza kazi, somo lilikuwa la wasichana peke yao: kutarizi vitambaa vya meza na kupiga pasi mashati ya waume ambao bado hawajapatikana. Muhtasari ukabadilika. Ikaingia lishe, ikaingia bajeti ya nyumbani, wakaingia hata wavulana, waliokuja wakicheka na kutoka wakinyonya vidole vilivyochomwa sindano. Yote aliyafundisha, lakini vitambaa vya meza hakuviacha.

Kisha mkuu wa shule, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akamwarifu kwamba chumba cha cherehani kinatakiwa kwa kompyuta. Angepita Ijumaa kukitazama kabla ya kuamua. Wiki hiyo roho ya Mama Fumua ilikuwa juu juu. Aliingia ofisini, akaacha chai nusu, akatoka, akarudi kuuliza nani amekunywa chai yake. Ijumaa ilipofika, aliujaza ukuta mzima vitambaa vilivyotariziwa.

Mkuu alivitazama kwa adabu. "Vizuri sana, mwalimu wangu. Lakini siku hizi nani anavitandika?"

Mama Fumua akaanza kuvibandua kimoja kimoja. "Basi nifumue," alisema. "Nipe mpaka Jumatatu."

Jumatatu alimfungulia mlango yeyote mwenye sare iliyochanika, kwa sharti kwamba mwenye nguo ndiye ashone. Foleni ilifika bombani. Katikati yake alisimama mwalimu wa hesabu, akiwa na suruali iliyochanika ndani ya mfuko, akijifanya anasimamia nidhamu.

Mkuu aliiona foleni, akaamua chumba kigawanywe: cherehani dirishani, kompyuta ukutani, pazia katikati. Mama Fumua hakushukuru wala hakulalamika. Aliomba kitambaa cha pazia.

Jioni nilimkuta akimalizia upindo. Aliuinua kwenye mwanga, akaguna, akafumua palipopinda, akashona upya na kukata uzi. Tukalitundika. Nilimwambia limeingia kidogo upande wa kompyuta.

"Naliona," alisema, akaichomeka sindano kwenye kola yake na kufunika cherehani.