Siku Ubavu Uliponyamaza

Katika ukoo wetu, mgonjwa akilia kwa maumivu, watu hupika na kwenda shambani kama kawaida. Akiacha kulia, ndipo wanapoitana.

Tulijifunza hivyo kwa kaka yangu mkubwa. Tumbo lake lilivimba pande zote mbili, mkojo wake ulikuja na damu, na kwa miaka mingi alilalia ubavu mmoja tu. Watu walisema ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu hubebeshwa kila ugonjwa mrefu. Jumapili moja aliamka akasema hasikii tena maumivu. Aliomba bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akala akamaliza, akatutania hadi tukacheka wote. Kabla ya Jumapili iliyofuata tulikuwa tumemzika kule Nyantende.

Ugonjwa ule ule umo ndani yangu, na sasa tunajua si karuho, ni ugonjwa wa figo. Mimi ni katekista mstaafu. Mungu hakutujalia watoto, mke wangu na mimi, lakini ametupa uzee wa pamoja, na kwa hilo namshukuru kila asubuhi. Tunakaa Nyawera, mjini Bukavu, juu kidogo ya soko. Tansio yangu, yaani shinikizo la damu, ilikataa kushuka hata kwa vidonge vya aina tatu, na ubavu wa kushoto uliniuma hivi kwamba sikuweza tena kupiga magoti. Ndipo tukaenda hospitali ya Katana kumwona daktari mmoja, mama kijana mwenye sauti ya chini.

Alinipitishia kifaa cha ekografi tumboni, akatuonyesha kwenye kioo. Figo zangu zilijaa vifuko vya maji, vikubwa kwa vidogo, kama sega la nyuki.

"Papa, figo iko na neva," alisema. "Zingine zinapeleka habari kwa ubongo, zingine zinaleta amri. Hivi vifuko vikikua vinabana, na neva zinapiga kelele. Ubongo unafikiri mwili uko mu hatari, unapandisha tansio. Tansio inaumiza figo, na figo inazidi kulia. Njo vile mambo inazunguka."

Alisema kwamba katika nchi za mbali kuna wataalamu wanaopitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa damu mpaka kwenye figo, na kuziunguza neva hizo ili zinyamaze. Kwa ugonjwa wangu bado wanachunguza, hawajasema neno la mwisho. Yeye hakuwa na waya kama huo. Alichoweza ni kupiga sindano ya ganzi karibu na uti wa mgongo, mahali neva zinapopita. Maumivu yangelala kwa siku kadhaa, pengine kwa majuma. Figo zenyewe zisingepona.

"Na kitu kibaya kikitokea ndani," nikamwuliza, "nani ataniambia?"

"Homa itakuambia. Mukojo utakuambia. Na huyu maman atakuambia, sababu naona ndiye anasema sana."

"Nasema sana kwa sababu yeye anaongea na Mungu tu," mke wangu akajibu.

Nilimweleza habari za kaka yangu.

"Sikumuona, papa. Pengine figo zilikuwa zimekufa, uchafu ukajaa mu damu, ukamulewesha asisikie kitu. Pengine ni kitu kingine. Siwezi kukudanganya."

Nilitamani anidanganye. Nilitafuta sababu ya kukataa. Nilikuwa nimewafundisha watu kumtolea Mungu mateso yao kama sadaka, lakini sikuwahi kufundisha kwamba ni dhambi kuyapumzisha. Nikamtazama mke wangu. Kwa miaka alikuwa akiamka kila nilipogumia usiku, akanigeuza, akarudi kulala na macho wazi. Nikakubali.

Nililala kifudifudi, rozari mkononi. Sindano iliunguza, kisha ikaja joto, kisha hapakuwa na kitu. Nilitafuta maumivu ubavuni kama ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Walinipumzisha, wakanipima tena na tena, na kesho yake wakaturuhusu kurudi Bukavu. Daktari alituambia maneno mengi tukiwa mlangoni. Mimi nilikuwa nasikiliza ubavu wangu.

Nyumbani mke wangu aliniuliza ninataka kula nini. Bila kufikiri nikasema, "Bugali na sambaza." Nikaona mwiko umesimama mkononi mwake. "Au uji tu," nikasema.

Dada yangu alifika kutoka Nyantende kabla ya saa sita, na kuku chini ya kwapa. Alikuwa amesikia kwa simu kwamba ndugu yake hana tena maumivu. Hakukaa. Alisimama mbele yangu akanitazama machoni.

"Ulikula?"

"Nilikula uji."

"Ulicheka?"

"Bado."

"Usicheke."

Mke wangu alitoka nje haraka, na sijui kama alikwenda kulia au kucheka. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakasalimu kwa sauti ya msibani. Nilibonyeza ubavu, nikabonyeza tena. Nilipeleka mkojo wangu mlangoni, kwenye mwanga, nikaitazama rangi yake. Ulikuwa safi, na usafi wake nao ulinitisha.

Kwa kuwa ubavu haukuniuma, nilipiga magoti kusali, mara ya kwanza tangu zamani. Niliposimama, chumba kilizunguka. Nilianguka kando ya meza, masikio yakivuma. Dada yangu hakupiga kelele. Alishika kichwa changu, akaanza ile litania ya watakatifu tunayoisali kwa mtu anayekata roho, na majirani wakaitikia: utuombee, utuombee. Nilimsikia akiniombea niende kwa amani. Na mimi sikutaka kwenda. Nimewaambia mamia ya watu kwamba kifo ni mlango tu, na pale nilikuwa nimeshika mguu wa meza kwa mikono miwili.

Mke wangu alikuwa kwenye simu na daktari. "Miguu juu," akasema. "Munganga anasema muinue miguu yake juu. Tansio ilishuka sababu neva zimelala. Anasema alituambia asisimame mbio."

Waliweka miguu yangu juu ya kiti, dunia ikatulia. Dada yangu alimaliza litania yake hadi mwisho, kwa sababu, alisema, watakatifu waliokwisha kuitwa hawarudishwi njiani.

Hakuondoka. Jumapili ilipita, na sisi watatu tuliivuka bila kuitaja. Kisha asubuhi moja, tukiwa tunamenya maharagwe, kitu kiliniuma upande wa kushoto, kidogo, halafu kwa nguvu. Niliinama.

"Nini?" akauliza dada yangu.

"Inauma."

"Inauma ya kweli?"

"Ya kweli."

Alipiga makofi, akamshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kumchinja kuku. Siku ile walikula vizuri wote, isipokuwa mimi, niliyekuwa nimejikunja kitandani. Mke wangu alikaa kando yangu na sahani yake, hakuigusa. Alipompigia daktari, jibu lilikuwa fupi: ganzi imekwisha mapema, anaweza kurudia sindano nikitaka.

"Mungu alikurudishia maumivu," dada yangu akasema, "na wewe unataka kuyafukuza tena?"

Nilijua tu kwamba katika siku zile za kimya, mke wangu alilala. Nilimsikiliza akipumua nami nikiwa macho kwa hofu, na sikuwahi kumsikia akilala hivyo tangu tulipozeeka.

Tulirudi Katana. Daktari aliniuliza kama naogopa.

"Naogopa."

"Kupita ile ya kwanza?"

"Hofu ile ile."

Mke wangu alinivua shati, akalikunja, akalishika kifuani. Nikalala kifudifudi.