Bondia wetu wa Sumbawanga aliyechoka kushinda kwa kuogopwa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa ngumi na wasio wa ngumi.

Nimeona humu watu wanabishana bondia gani chipukizi ana kiwango na yupi anabebwa tu. Nami nina langu. Ni la zamani kidogo, ila nililiona kwa macho yangu. Chumvi sijaongeza. Mke wangu amesoma kwanza na kupunguza hata ile kidogo iliyokuwepo.

Wakati huo nilikuwa fundi cherehani Katandala, pale Sumbawanga mjini. Enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Mitumba imeingia kwa marobota, mtu ananunua suruali nzima kwa bei ya vifungo vyangu. Kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi sana wa kuangalia ngumi.

Bondia mwenyewe aliitwa Wensi. Kijana wa Kifipa, mpole, anaimba besi kwenye kwaya ya parokia. Mchana alikuwa kuli, anapakia mahindi kwenye malori ya wafanyabiashara waliomiminika baada ya soko kuachiwa huru. Jioni anafanya mazoezi kwenye ghala la ushirika, ambalo kwa sababu hiyo hiyo lilikuwa tupu.

Kocha wake alikuwa mzee Kapele, mwanajeshi mstaafu. Mimi nilimshonea Wensi bukta kwa kitambaa cha pazia, ndipo nikapewa cheo cha kushika ndoo kwenye kona yake.

Sasa tathmini.

Jab yake, ile ngumi ya mkono wa mbele, ilikuwa nzito, haina mbwembwe, inatoka begani kama mtu anayesukuma mlango. Ngumi za mbavu alikuwa nazo, tena za kweli. Pumzi usiseme, mtu aliyezoea kupanda na gunia kwenye lori kule juu kwenye baridi hachoki ovyo. Udhaifu: kidevu juu, na akirudi nyuma miguu inapishana.

Lakini wakuu, hayo yote nilikuwa nayaona mazoezini. Ulingoni ilikuwa vigumu kujua.

Shida ilikuwa ni mji wetu. Mnajua inavyosemwa kuhusu Sumbawanga, mambo ya uchawi, watu kutumiana radi na kadhalika. Sisi tuliozaliwa pale tumeshazoea, ukijitambulisha ugenini mtu anasogeza kiti. Ila kwa bondia ni tatizo la kitaalamu. Wapinzani walikuwa wanafika wameshapigwa.

Kuna mmoja alitoka Mpanda. Alikuja na maji yake, chakula chake, na hirizi mkononi ambayo refa alimvua kwa taabu. Hakutaka hata kugusana glovu. Raundi ya kwanza Wensi akarusha mkono wa kulia, jamaa akaanguka chali. Akahesabiwa hadi mwisho huku macho yako wazi.

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Wensi akarudi kwenye kona, akaniinamia.

"Fundi, ile ngumi ilimpata?"

"Haikumpata," nikamwambia.

"Na mimi naona hivyo."

Akakaa akitazama glovu zake. Watu walikuwa wanamwita bingwa na yeye hajui kama anajua kupigana. Nilimwonea huruma, ingawa ni huruma ya ajabu kumwonea mtu aliyeshinda.

Baadaye promota mmoja wa Mbeya akamwita. Mpinzani ni Ambokile, fundi wa magari, bondia aliyekuwa anatajwa sana kule. Ilisemekana atakayeshinda anapelekwa Dar.

Tukashuka stendi Mbeya, tukakuta mabango. Yameandikwa RADI YA SUMBAWANGA, jina la Wensi limewekwa chini, dogo.

Wensi akamwomba promota alitoe lile jina la radi. Promota akacheka, akasema ndilo linalouza tiketi.

Mzee Kapele naye hakuona tatizo. "Hofu nayo ni silaha, mwanangu. Jeshini tuliitumia."

"Nakuheshimu mzee," Wensi akajibu, "ila silaha hiyo si yangu. Nikienda Dar nayo, siku wakikosa kuniogopa nitafia ulingoni."

Mimi nikafikiri yameisha.

Mchana wa pambano, Wensi akaniambia twende tukamsalimie Ambokile. Si utaratibu, lakini tukaenda. Tulimkuta amekaa na ndugu zake, mmoja ameshika rozari, mwingine amepanga ndimu kwenye kizingiti. Walipotuona, wote wakasimama.

"Mambo, mshikaji," Wensi akasema.

"Poa," akajibu Ambokile. Haikuwa poa.

Wensi akaomba maji. Akapewa chupa, akanywa nusu, akamrudishia Ambokile. "Sikiliza kaka. Mimi napakia magunia na naimba kwaya. Sina kitu kingine. Naomba unipige kama unavyompiga mtu yeyote."

Ambokile akaiinua chupa, akaitazama. "Kweli huna kitu?"

"Kweli."

Ambokile akamalizia yale maji. Ndugu yake mwenye rozari akafumba macho.

Wakuu, jamaa alimpiga.

Raundi ya kwanza alimpiga kwenye kile kidevu cha juu nilichowatajia. Ya pili Wensi akarudi nyuma, miguu ikapishana, akapigwa hook, ngumi ya kuzunguka, akaenda chini. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuona sakafu ya ulingo. Aliinuka wakati refa bado anahesabu, na kwenye kona mzee Kapele akamwuliza kama anataka kuendelea.

"Huyu anapiga kweli," Wensi akasema, kama mtu aliyepewa habari njema.

Kuanzia hapo akashusha kidevu na kufanya kazi mbavuni. Ambokile akaanza kushusha viwiko, anapumua kwa mdomo. Raundi ya mwisho walisimama katikati wakipigana bila kukimbiana, hakuna aliyeikumbuka radi. Majaji wakampa Ambokile ushindi kwa pointi chache. Ilikuwa haki.

Promota alikasirika, alikuwa ameshaahidi watu miujiza. Sisi tukapanda basi kurudi. Tulipofika Laela, njiani, Wensi alinunua mahindi ya kuchemsha, akayatafuna upande mmoja, jicho limefumba. Nikampa pole. Akasema, "Fundi, mbavu zake zilikuwa zinalia. Nilizisikia."

Dar akaenda Ambokile. Lakini kabla ya hapo alikubali kuja Sumbawanga kurudiana. Watu hawakuamini. Alifikia nyumbani kwa mama yake Wensi, akala ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, akaomba aongezwe. Majirani walikuja kumwangalia akila.

Siku ya pambano Wensi alimkalisha kwa ngumi ya mbavu raundi ya nne. Niko na ndoo yangu pale pale, niliuona ule mkono ukizama. Ambokile alipopata pumzi alisema, "Hiyo imeingia." Wakakumbatiana.

Wensi alipigana miaka kadhaa baada ya hapo, Mbeya, Iringa, Dar mara chache. Alishinda zaidi ya alivyoshindwa. Mkanda hakuupata. Vidole vya mkono wa kulia vilivunjika, akaacha, sasa ananunua mahindi kwa wakulima huko vijijini.

Tathmini yangu ya mwisho: alikuwa bondia mzuri wa daraja la kati, mbavu daraja la kwanza. Hakuwa bingwa, na alijua hivyo kwa uhakika.

Nilichojifunza ni kwamba kiwango cha mtu usikipime kwa wanaomwogopa. Mabondia wengi tunaowasifia humu bado hawajakutana na Ambokile wao.

Kama kuna mdau wa Mbeya aliyekuwepo ukumbini siku ile, aje aseme alivyowapa pointi. Wa kuuliza habari za radi, nawaomba waanze na swali kuhusu jab.