Mama Mdogo Hakumfuta Kaka Yetu

Admin, nifiche jina. La kaka yangu nimelibadilisha. Nina miaka thelathini na mbili, naishi Woodley, na hutengeneza kurasa za tovuti katika ofisi moja mjini.

Baba alipofariki mwaka jana nilipewa kazi ya kupanga majina ya familia kwenye wasifu wa kusomwa mazishini. Alikuwa na nyumba mbili: ya mama, na ya mama mdogo, mke wake wa pili, anayekaa Waithaka. Nilichukua kipande cha fomu nilichokuwa nimeunda kazini: nyumba, ndani yake watoto, ndani ya kila mtoto wajukuu. Ukibadilisha kitu kwa simu yako, kinabadilika papo hapo kwa kila mtu na kwenye wasifu wa kuchapishwa. Nilikitumia mara mbili, kila nyumba na chake, nikawatumia wote linki.

Mazishini, nyumba yetu yenye watoto wanne ikasomwa watatu. Wafula, kifungua mimba wetu, alikuwa amesimama kando ya jeneza. Ukurasa ulionyesha aliyeugusa mwisho: mama mdogo.

“Huyu amezika kijana yetu akiwa hai!” shangazi alisema mbele ya watu.

“Nilitoa wangu tu. Wenu sikumgusa, haki ya Mungu,” mama mdogo alisema.

“Wako gani? Wako wote si wamesomwa?”

Mama mdogo akainamia mkoba wake. Walimwondoa kwenye viti vya mbele, na tangu siku hiyo hakuna anayempigia simu.

Mwezi uliopita nilikifungua kile kipande kwa kazi nyingine, nikaliona kosa. Nilikuwa nimekiagiza kimtambue mtu kwa jina badala ya namba yake mwenyewe. Kwetu kila nyumba humpa mtoto jina la babu. Mama mdogo naye alikuwa na Wafula, akafariki ana miezi minne. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye orodha, nikidhani ni heshima. Yeye akamtoa, hakutaka kumsikia akisomwa. Fomu, iliyowaona kama mtu mmoja, ikawatoa wote wawili.

Nilimweleza mama. Aliendelea kuchambua mboga.

“Na wewe nyamaza. Hata kama si hiyo, ako na makosa mingine. Ukiniaibisha mbele ya ile nyumba, usiniite mama.”

Wiki jana nilikutana na mama mdogo pale Adams, karibu na kwangu.

“Sasa, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Unakula kweli?”

Nikamwambia niko sawa, nikavuka barabara.

Jumamosi kuna kikao nyumbani kwa kaka Wafula. Wataamua kama nyumba ya mama mdogo itaitwa kwenye kumbukumbu ya baba, na Wafula ameshasema yeye hataki kuwaona. Nimeambiwa nije na orodha ya wageni.

Sijalia. Nalala vizuri, naenda kazini, fomu nimeirekebisha kwa mstari mmoja. Nikisema, nampoteza mama. Nikinyamaza, mwanamke aliyemwondoa mwanawe marehemu kimya kimya atabaki mchawi kwa kosa langu. Ninyi mngekuwa mimi, mngesimama kwenye kikao hicho? Nishaurini kabla ya Jumamosi.