Bima ya Bishara na Miaka Minane ya Ziada

Saa nne asubuhi mjini Garsen, Bishara Dado anainuka kwenye kigoda chake kwa mara ya tano. Anachungulia saiba, duka la intaneti lililo ng'ambo ya barabara, anaketi, anampimia mteja lita moja ya maziwa, anainuka tena. Leo hata chenji amekosea mara mbili.

"Kigoda leo nachoma mimi," anasema, akijifuta mikono kwa mtandio.

Ana sababu. Kesho jioni anapanda basi la Nairobi, na keshokutwa anatakiwa ubalozini kuomba viza ya Ujerumani. Bintiye Nasteha, muuguzi huko, amemwalika wiki tatu za mapumziko. Mama na mwana hawajaonana miaka saba. Kila kitu kiko tayari isipokuwa karatasi moja: bima ya matibabu ya safari. Bila hiyo, ombi halipokelewi.

Nasteha alitaka kuilipia, mama akakataa katakata. "Mtoto amelipa ndege. Sasa alipe mpaka ugonjwa wangu? Hapana!"

Bishara, mwanamke wa Kiorma, ameuza maziwa hapa kwa miaka ishirini na sita. Hununua kwa wafugaji, huyatia kwenye vyombo alivyovifukiza mwenyewe, na siku njema humbakishia shilingi mia sita. Kwa hiyo wakala wa kwanza alipomtajia elfu kumi na nne, alicheka mpaka akashika ubavu. Wa pili alikuwa na bima ya bei nafuu, kumbe ni ya mizigo kupotea.

"Mzigo wangu mimi nini? Samli na dera mbili!"

Juzi Valentine, binti wa Kipokomo mwenye ile saiba, akamtafutia mtandaoni bima ya elfu nne na mia tatu. Bishara akapiga vigelegele pale pale. Kwenye simu alikuwa na elfu tano. Leo asubuhi akapeleka pasipoti ili fomu ijazwe. Lo! Bei ikaruka hadi elfu kumi na mbili na mia tisa.

"Mama Nasteha, ile bei ni ya wasiozidi miaka sabini," Valentine alimweleza. "Pasipoti inasema una sabini na mbili."

"Nani sabini na mbili? Mimi sitini na nne!"

Na ni kweli. Ukoo wake huhesabu miaka kwa mafuriko na ukame, na Bishara alizaliwa mwaka wa mafuriko. Maafisa wa vitambulisho walipofika kijijini, kaka yake mkubwa, Guracha, ndiye aliyejibu kwa niaba ya nyumba nzima. Karani akauliza mafuriko yapi. Guracha akasema yale makubwa. Kwake makubwa ni yaliyomaliza ng'ombe wa baba yao, nayo yalimtangulia Bishara kwa miaka minane.

Bishara alilisikia kosa, akanyamaza. Mwanamke hakumsahihisha kaka yake mbele ya wageni.

"Andika ile ya kweli," alimsihi Valentine asubuhi hii.

"Mama, ukiugua kule watalinganisha na pasipoti. Hawatalipa hata dawa ya kichwa."

"Mimi nasema kweli, karatasi nasema naongopa. Maisha gani haya?"

Akampigia Guracha, akamfokea kama hajawahi kumfokea maishani. Upande wa pili simu ikakatwa. Tangu hapo hakuna kukalika. Anaogopa kukosa viza, na sasa anaogopa amemkosea kaka.

Karibu na adhuhuri Guracha anatokea, vumbi mpaka magotini, anamkokota ndama dume kwa kamba. Anampita dada yake bila salamu na kushika njia ya mnada wa mifugo. Bishara anamwita, yeye anazidi kukaza mwendo. Nusu saa baadaye anarudi na kamba tupu, anaweka noti juu ya kifuniko cha maziwa.

"Nilikuongezea miaka minane bila kukuuliza," anasema. "Ndama huyu ni wa miaka hiyo. Nenda kamwone mtoto."

Bishara analia waziwazi, wateja wakitazama. Kisha anashtuka. "Na maziwa? Nani atauza wiki tatu?"

Guracha anakiketia kigoda. Wanawake wauza maziwa wa jirani wanaangua kicheko, maana kwao Waorma maziwa ni ya wanawake, na mwanamume hakai hapo.

"Wewe, Guracha? Kwa maziwa?" anauliza Bishara.

"Watacheka, watachoka. Lita ni bei gani?"

Ng'ambo ya barabara, Valentine anajaza fomu kwa umri wa pasipoti, na mashine inaitoa karatasi. Bishara anamtaka amsomee jina, tarehe, siku zote ishirini na moja, kisha amsomee tena. Anaikunja ndani ya mfuko wa plastiki na kuitia kifuani. Hajui kama viza itatoka, na usingizi leo hautarajii.

Mipango yake akirudi? Atakwenda Hola, kwenye ofisi za kaunti, kuuliza umri hurekebishwa wapi.

"Nimwone mwanangu kwanza," anasema. "Halafu nadai miaka yangu minane. Guracha amekwisha kuilipa, lakini bado naitaka."