Fundi Misumari na Springi ya Moyo

Kama hujawahi kumwona Fundi Misumari akivalisha kochi kitambaa, basi hujaona kazi. Alijaza vijisumari mdomoni hadi mashavu yakavimba kama mtu mwenye jino bovu, kisha akavisukuma nje kwa ulimi, kimoja kimoja, nyundo ikigonga tak, tak. Wateja walimsemesha makusudi, wapate kucheka akishindwa kujibu. Waliojaribu kumwiga waliishia kumeza.

Halafu kifua kikaanza kumbana. Kilima cha kwenda karakana alikipanda kwa vituo: anashika ukuta, anajifanya anasalimia watu. Siku moja akaanguka juu ya kochi la mteja, nyundo mkononi. Hospitalini wakampitishia waya kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye mshipa wa moyo ulioziba, wakaacha humo kijibomba cha waya cha kuushikilia uwe wazi. Mwenyewe alikiita springi, na nani wa kubishana naye mambo ya springi?

Siku ya kuruhusiwa alikuwa bado na usingizi wa dawa, kwa hiyo maelekezo aliyapokea shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye Misumari mwenyewe alimfundisha kazi tangu hajui hata kushika mkasi.

"Daktari kasema ukae, shemeji," akamwambia njiani. "Nyundo hapana, kilima hapana. Si wewe unayewaambia wateja springi mpya haikaliwi mpaka itulie?"

Kweli aliwaambia. Kila kochi jipya lilitoka karakana na onyo hilo. Mtu mwingine angeuliza maswali. Yeye, bingwa wa springi, alielewa hapo hapo, akakaa.

Akakaa mpaka akazijua nyufa zote za dari. Kifua kilikuwa kimya. Alicheka bila kushika meza, akaoga bila kupumzika, akalala chali kama mfalme. Lakini akigusa ndoo tu, mkewe anainyang'anya. "Weka chini, baba! Unataka kuniacha mjane?" Kliniki alisindikizwa na shemeji, na shemeji ndiye aliyetangulia kuingia na kujibu kila swali, mgonjwa akiitwa mwishoni kupimwa tu, akitikisa kichwa kama mbuzi sokoni.

Mpaka siku ambayo shemeji alizidiwa na kazi, Misumari akaenda peke yake.

"Dawa unameza, mzee?" daktari aliuliza. Alikuwa binti wa umri wa mwanawe.

"Kila siku."

"Kifua kinabana ukipanda mlima?"

"Mlima nitaupandia wapi, binti yangu? Si mmenikalisha?"

"Nani kakukalisha?" Daktari akaweka kalamu chini. "Siku unatoka nilimwambia shemeji yako, utembee kila siku, kazi uirudie taratibu. Kila kliniki nauliza, anasema umesharudi!"

Misumari akachukua kofia yake. Hakuaga.

Kilima alikipanda moja kwa moja. Ukuta wake wa kushika aliupita bila kuugusa, pumzi imejaa, kifua chepesi. Ilikuwa furaha ya kumfanya mtu aimbe, ila yeye ilimuuma. Furaha hiyo ilikuwa yake siku zote, imefichwa kama sukari ya wageni.

Mlangoni mwa karakana akamsikia shemeji akimweleza mteja: "Mzee ndiyo basi tena. Kazi zote niletee mimi." Alikuwa amekalia kigoda cha Misumari.

"Inuka," Misumari akasema.

Shemeji akainuka, jasho linamtoka. "Shemeji! Umepandaje..."

"Kwa miguu. Maneno yangu mwenyewe ndiyo uliyonifungia ndani?"

"Usinitazame mimi peke yangu," shemeji akanong'ona. "Kamuulize dada."

Dada, yaani mkewe mwenyewe. Misumari akachukua nyundo yake na pakiti ya misumari. "Kesho asubuhi kigoda hiki nakikalia mimi," akasema, akashuka.

Mkewe alikuwa jikoni. Kuiona nyundo tu, akajua.

"Ulikuwepo daktari akisema?"

"Nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niliyekukuta kwenye lile kochi, midomo imebadilika rangi. Kaka aliposema tukukalishe, niliona bora. Angalau nikigeuka nakuona unapumua."

"Na mimi nikiamini moyo wangu mbovu."

"Ulikuwa hai, baba."

 Misumari akakivuta kiti cha mkewe, kile chenye kitambaa kilicholegea ambacho miaka yote alimwahidi kukitengeneza. Akaketi sakafuni, akajaza misumari mdomoni. Tak. Tak.

"Sema basi, hata unitukane."

Tak.

Mkewe akasimama pale, kitambaa cha jikoni mkononi, akimtazama. Kiti kile kilihitaji misumari michache tu. Naye mume alikuwa amejaza mdomoni pakiti nzima.