Kinu cha Mwalimu Bernadina

Saa tatu asubuhi, Mwalimu Bernadina Tadeo anavingirisha kinu kuingia uani mwa shule, hapa Babati. Wanafunzi wake tisa wa kidato cha sita wanacheka chini chini. Hiki ni kipindi cha fizikia, na chaki hakuna tangu Januari.

Uhaba huo ndio uliomponza. Mwezi uliopita, akifundisha jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye atomu, alimwaga maharage juu ya ngozi akayapura. Fimbo ni mwanga, akasema, punje ni elektroni. Watoto hawa wa wakulima wa Nangara na Singe walielewa mara moja. Walielewa mno.

Mtihani wa majaribio ukauliza: atomu ya heliamu ina elektroni mbili, kwa nini chembe moja tu ya mwanga mara nyingine huzitoa zote? Wote tisa wakajibu kwamba fimbo inashuka tena, yaani inakuja chembe ya pili, ilhali swali lilisema moja tu. Nani amepura maharage kwa pigo moja?

“Sikufichi, nililia jikoni,” anasema mama huyu wa miaka 41. “Hawakukosea wao. Walijibu nilichowafundisha.”

Mtihani wa taifa umebaki wiki tatu, na mkuu wa shule ameshasema wakianguka, mchepuo wa fizikia unafungwa. Ndiyo maana leo kimeletwa kinu.

Kwanza anawaomba radhi kwa yale maharage. Kisha anachora duara la majivu kuzunguka kinu, hiyo ndiyo atomu, na ndani yake wanafunzi wawili, Xaveria na Leonsi, wanatwanga pamoja, mchi huu ukipanda ule unashuka. Hawagongani, kwa kuwa kila mmoja anamwangalia mwenzake. Elektroni mbili nazo, anaeleza, hukwepana muda wote.

Ghafla mwalimu, ambaye sasa ndiye mwanga, anamvuta Leonsi nje. Leonsi, katika kutoka, anampiga Xaveria kumbo, naye anapepesuka hadi nje ya duara la majivu.

“Nimemgusa nani?” anauliza mwalimu.

“Leonsi peke yake,” anajibu Xaveria, akijipangusa vumbi. “Mimi amenitoa yeye.”

Wanarudia mara kadhaa. Mara nyingi Xaveria anayumba tu, anabaki ndani. Hivyo ndivyo ilivyo hata kwenye atomu, anasema mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anatabasamu.

Karatasi za kuwapima upya hazipo, hivyo anawauliza kwa mdomo, mmoja mmoja. Wote tisa wanapata.

Na mchepuo ukifungwa?

“Watakuja nyumbani kwangu Nangara,” anasema mwalimu, au Mama Anselmi kama majirani wanavyomwita. “Kinu ni changu, hakuna wa kukifunga.”